Msiba Mmoja, Blogu Mbili

Mimi na mume wangu tulikutana kwenye komenti. Watu wengine hukutana kanisani, wengine kwenye harusi ya binamu, sisi tulikutana chini ya posti yangu kuhusu mama yangu, ambaye anauza vitenge pale Ntimaru na ambaye hajawahi kukubali kwamba kuna mpaka kati ya Kenya na Tanzania. Niliandika jinsi anavyovuka kwenda kuchukua mzigo kana kwamba anaenda kuomba chumvi kwa jirani. Mwalimu mmoja wa upande wa Rodi Kopany akaandika chini yake kwamba amecheka hadi wanafunzi wakamuuliza ana nini. Nikaenda kusoma blogu yake. Alikuwa anaandika juu ya kukua bila baba, na alikuwa anaandika vizuri, siwezi kudanganya. Nikamwambia hivyo, akajibu, nami nikajibu, mwishowe nikajikuta nimeolewa Homa Bay, mimi Mkuria, katika boma la Wajaluo. Kiswahili ndicho kilichotuoa. Yeye hajui Kikuria hata cha kuombea maji, na Dholuo yangu ni ya sokoni, inajua kukataa na kukubali tu.

Nina kibanda cha ushonaji pale sokoni Rodi Kopany. Nashona sare za shule, nabadilisha zipu, napunguza suruali za wanaume ambao wake zao wamewapima kwa macho. Kati ya mteja na mteja naandika kwenye simu, mguu bado uko kwenye pedali ya cherehani. Yeye huandika mezani, kwenye laptop, mlango umefungwa, na watoto wa jirani wakipiga kelele anatoka kuwanyamazisha kwanza. Siku za uchumba alikuwa anasoma kila neno langu. Tulipooana akaacha. Nilipomuuliza akasema, “Nikitaka kujua habari zako, si nitakuuliza?” Nikaona hilo ni jibu la mtu mwenye mapenzi, nikaenda zangu kupika.

Tuko wote kwenye kikundi cha WhatsApp cha wanablogu wa Migori na Homa Bay. Si kikundi kikubwa. Yupo wa siasa za kaunti, yupo wa kilimo, yupo wa mpira, lakini wengi wetu tunaandika maisha yetu wenyewe kwa sababu ndicho kitambaa tulicho nacho. Sasa mtu akishinda kutwa akiangalia mishono ya nguo, macho hayapumziki hata kwenye maandishi. Wanaume wa kikundi chetu huandika maisha kama safari. Nilikuwa pale, nikaanguka, nikainuka, sasa niko hapa, nawe msomaji jifunze. Aliyeacha pombe aliandika hivyo. Aliyefukuzwa kazi vilevile. Hata yule aliyeachwa na mke aliandika kana kwamba ni barabara iliyokuwa na matope na sasa imekauka, na mke mwenyewe ndani ya posti hana uso, hana sauti, hana hata sufuria.

Sisi wanawake tunaanza kwa kuomba radhi. “Samahani ni ndefu.” “Sijui kama niandike hii.” Halafu tunasimulia habari za “rafiki yangu mmoja” ambaye, ajabu, ana watoto walewale na mume mwenye pikipiki nyekundu ileile. Ila siku rafiki huyo akipotea na mwanamke akasema mimi, basi atasema yote: maziwa yaliyomjaa kifuani akiwa kazini, harufu ya blanketi, neno aliloambiwa na wifi wakiwa wanachambua mboga. Hatoi funzo. Anaeleza tu jinsi ilivyokuwa, halafu anaacha. Chini ya posti za wanaume watu huandika, “Umenena, kaka.” Chini ya zetu huandika, “Pole dada, lakini mambo mengine ni ya ndani.”

Nisiwaonee wanaume. Kuna mmoja wa Migori mjini aliyeandika kwamba mke wake alipougua alikuwa anamfulia nguo za ndani, na alizianika chumbani ili majirani wasione mwanaume akizianika. Enyewe ilikuwa posti nzuri kuliko zote nilizosoma mwaka ule. Wenzake wakamcheka kwenye kikundi mpaka akaifuta kabla ya chakula cha mchana. Nilimwandikia pembeni nikamsihi airudishe, hakunijibu. Basi ua liko pande zote mbili. Sisi tumefungiwa ndani, na wao wamefungiwa nje.

Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa kabla ya wakati wake, na alizaliwa amekwisha kufa. Mume wangu alikuwa shuleni akisimamia mitihani. Mimi nilikuwa nyumbani, katika boma la mama mkwe, ambako nyumba yetu iko karibu na lango. Uchungu ulinishika nikiwa namsaidia kuanua mahindi. Gari liliitwa, lakini mtoto hakusubiri gari. Mama mkwe na jirani mmoja mzee walinizalisha chumbani mwake, na chumba kikabaki kimya.

Katika boma hili, mtoto wa namna hiyo hana matanga. Hakuna turubai, hakuna kukesha, hakuna jina. Kina mama wazee humzika siku hiyohiyo nyuma ya nyumba. Wanaume hawaitwi wala hawaulizi, na mama wa mtoto huambiwa asilie kwa sauti na asimtaje tena, asije akawafungia njia wale watakaokuja. Kwetu Ukuria sijui wanafanyaje, nilitoka huko nikiwa msichana tu na hayo sikuwa nimeambiwa. Mama mkwe alitaka kutoka naye moja kwa moja. Nikaishika leso aliyomfungia. Akanitazama, akaketi kitandani, akanifunulia.

Mume wangu aliporudi mambo yalikuwa yamekwisha. Baba yake mdogo alimketisha nje kwanza, wakakaa huko kitambo. Kisha akaingia, akanishika mkono, akasema tutapata mwingine. Akasema pia tusiongee sana juu yake, nitaumia. Macho yake yalikuwa mekundu. Nikakubali, kwa maana nilidhani anamaanisha tusiongee leo.

Mvua zilipoanza akaandika. Mimi sikujua, mteja ndiye aliyenionyesha, akinipa pole huku nikimpima kiuno. Posti iliitwa “Kwa Mwanangu Ambaye Hakukaa.” Aliandika kwamba mwanaume hulilia tumboni. Aliandika kwamba alikuwa amekwisha kuchagua mahali, upande wa kushoto wa lango, ambapo angemjengea mwanawe simba, kile kijumba ambacho mvulana wa Kijaluo hupewa akishakua, na kwamba angemfundisha kupiga mpira kwa mguu wa kushoto. Aliandika kwamba jina la babu lilikuwa linamsubiri. Komenti zilifurika. “Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.” “Wewe ni mwanaume wa kweli.” Kuna mchungaji aliyeomba ruhusa aisome kanisani.

Nilisimama na utepe shingoni, mteja ananiuliza kama kiuno kimetosha. Nilijua jambo moja ambalo wasomaji wake wote hawakulijua. Mume wangu hakujua mtoto wetu alikuwa nini. Alikuwa msichana. Hakuna aliyemwambia, naye hakuuliza, kwa hiyo akajaza pengo kwa mvulana, akaandika vizuri, na nguo ikapendeza. Nilikasirika, tena sana. Si kwa sababu alitamani mvulana, nani asiyemjua mwanaume. Nilikasirika kwa sababu watu wote hao walikuwa wanamlilia mtoto ambaye hakuwahi kuwapo, na wangu, ambaye nilimwona kwa macho yangu, hakuwa na hata mmoja wa kumlilia.

Ningeweza kumwambia, najua. Siku hiyo tulipokuwa tunakunywa chai nilisema, “Nimesoma posti yako.”

“Umeionaje?”

“Imeandikwa vizuri.”

Akafurahi. Akanieleza imesomwa na watu wa kutoka wapi na wapi. Mimi nikawa nangoja aniulize swali moja tu, lolote lile, nilivyojisikia, nilichoona, kama nilimshika. Akauliza kama sukari imeisha.

Basi na mimi nikaandika. Sikuanza na samahani, na sikumtafuta rafiki yangu mmoja. Niliandika nilichokiona, kwa ufupi, na mahali alipolazwa, nikaiita “Nilimwona.” Posti ya mume wangu sikuigusia. Hadharani sikupata komenti za maana, pole mbili tatu na yule wa kila siku wa mambo ya ndani. Lakini pembeni, kwenye ujumbe wa faragha, wanawake walikuja. Wengine siwajui hadi leo. “Wangu alikuwa na nywele nyingi.” “Wangu sikuonyeshwa, nilisikia tu mlango.” Mmoja aliandika neno “asante” peke yake, akafuta, akaliandika tena. Hapo ndipo nilipoelewa nimefanya nini. Binti yangu hakuwa na jina, na kale kakilima kadogo nyuma ya nyumba mvua ilikuwa imekalaza. Ulimwenguni kote alikuwa amebaki mahali pamoja tu, kwenye ukurasa ule. Ukifutwa, atakuwa hajazaliwa.

Shangazi wa mume wangu, dada ya marehemu baba mkwe, ameolewa huko upande wa Asumbi. Habari zilimfikia kupitia wanawake wa kanisa, na zilipofika zilikuwa zimeota mbawa. Akampigia mume wangu simu akamwambia mke wako amemvua mama yako nguo mbele ya watu. Akaongeza kwamba aibu ya maiti aijuaye mwosha, lakini huyu Mkuria wenu amewaita watu wote waje kuosha. Shangazi ana mdomo, hilo lazima nimpe.

Mume wangu alikuja kibandani akasimama mlangoni, hakuingia.

“Iondoe tu, mambo yaishe.”

“Umeisoma?”

“Sina haja. Shangazi amenieleza.”

“Na yako?”

“Yangu ni tofauti. Yangu ilisaidia watu.”

Nikamwambia sitaiondoa. Nilimwambia nikiwa natia uzi kwenye sindano, na siku hiyo uzi ulikataa kabisa kuingia. Akaniambia basi itabidi wazee waketi, kwa sababu mama amesemwa na watu na yeye hawezi kukaa kimya. Nikasema waketi. Nilikuwa naogopa. Mwanamke aliyetoka mbali kama mimi, akigombana na boma zima, anarudi kwao na cherehani kichwani, na mimi nilikuwa nampenda yule mwanaume.

Kikao kilikuwa Jumapili mchana, sebuleni kwa mama mkwe, kwenye viti vyake vyenye vitambaa vyeupe vya kufuma. Aliyeongoza ni baba mdogo, mdogo wa marehemu baba mkwe, mzee mjane mwenye maneno machache ambaye ndiye kichwa cha boma tangu kaka yake afariki. Kwa ajili yangu waliongea Kiswahili. Kwa desturi yao mke hasemi kwanza kwenye kikao kama hicho. Mdomo wa nyumba ni wa mume, hata kama kesi ni ya mke. Kwa hiyo niliketi karibu na mlango, simu mapajani, nikanyamaza.

Shangazi alisema kwa kirefu. Alisema mambo ya chumba cha kuzalia hayatoki chumbani. Alisema mimi nimeandika mikono ya mama mkwe, leso ya mama mkwe, na kaburi nimelionyesha, na kwamba nyumba yenye watu wanaoandika haina mlango. Alitaka kile kitu kitolewe pale pale, kabla ya chai. Mama mkwe alikuwa anaangalia sakafu.

“Hicho kitu kinasemaje?” baba mdogo akauliza.

“Si nimeeleza.”

“Umeeleza ulivyosikia. Wewe umekisoma?”

“Simu yangu ni ya mulika mwizi, haina intaneti,” shangazi akasema. “Nimeambiwa na watu wa kuaminika.”

Mzee akazunguka chumba kwa macho. Mama mkwe hakuwa amesoma. Mume wangu akakohoa. Katika watu wote waliokuja kunihukumu, hakuna hata mmoja aliyekuwa ameona neno langu moja.

“Mwalimu,” baba mdogo akasema, “nyumba ni yako. Soma.”

Nikampa mume wangu simu. Akasimama, maana hajui kusoma ameketi, akaanza kwa ile sauti yake ya darasani, haraka kidogo, kama mtu anayesoma majina ya wanafunzi ili amalize.

“‘Mama alikuwa amemfunga kwa leso yake ya njano. Nikamwomba anifunulie. Alifunua polepole kwa mikono yake miwili, kama anavyofunua uji kuangalia kama umepoa. Mimi ni fundi, macho yangu hupima hata nisipotaka. Urefu wake ulikuwa kutoka kiwiko changu hadi vidole. Kichwa chake kingetosha kwenye kiganja. Alikuwa msichana.’”

Nilimwona akirudisha macho juu, akausoma tena ule mstari bila sauti. Nilikuwa nimengoja siku hiyo kwa hasira, nikidhani nitafurahi akijua. Sikufurahi hata kidogo. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeletewa habari za msiba sasa hivi, akiwa amesimama.

“Msichana?” akauliza.

“Msichana,” mama yake akasema.

“Mbona hamkuniambia?”

“Hukuuliza, baba. Nyinyi hamuulizi, na sisi hatusemi. Ndivyo tulivyokuta.”

Akajaribu kuendelea. Alisema “nywele zake,” akaishia hapo. Akanirudishia simu bila kunitazama, akaketi. Shangazi alifungua kinywa, lakini baba mdogo aliinua mkono.

“Nyathina,” akaniambia, mtoto wangu, “maliza wewe.”

Nikasoma nikiwa nimeketi. “‘Nywele zake zilikuwa zimelowa. Alikuwa na kidevu cha baba yake. Mama aliniuliza kama nimemwona, nikasema nimemwona. Akamfunika, akatoka naye kwa mlango wa nyuma, nami nikabaki nikisikiliza jembe. Yuko kati ya migomba na bafu. Mkipita hapo, tafadhali msimwage maji ya sabuni.’”

Ilikuwa imeisha. Mama mkwe alijipangusa macho kwa pindo la nguo yake. “Ndivyo ilivyokuwa,” akasema. “Hajaongeza kitu.”

Mume wangu akainuka, akatoka kwa mlango wa nyuma. Kupitia dirishani nilimwona amesimama kwenye migomba, mikono imening’inia, anaangalia chini huku na huku kwa sababu hajui ni wapi hasa. Nilitaka kwenda kumwonyesha. Lakini kesi ilikuwa bado.

“Sasa kitatolewa au hakitatolewa?” shangazi akauliza, ila sasa alikuwa ameshusha sauti.

Baba mdogo alikuwa amegeuza kiti chake kidogo, ameelekea kwa mama mkwe.

“Shemeji,” akasema. “Wale wangu wawili.”

Mama mkwe akainua kichwa.

“Wewe ndiye uliyekuwa na marehemu mke wangu chumbani, mara zote mbili. Yeye hakuwahi kuniambia, na mimi nilikuwa nimeketi pale nje na wanaume. Sasa hayupo wa kuulizwa. Walikuwa nini?”

Sikujua kama nitoke au nibaki. Shangazi alikuwa anakunja na kukunjua kitambaa cha kiti.

“Wa kwanza alikuwa mvulana,” mama mkwe akasema. “Wa pili msichana. Huyo msichana alikuwa na masikio yako.”

Mzee akatikisa kichwa taratibu, akaendelea kukitikisa kwa muda. Kisha akaniangalia mimi, na ile simu iliyokuwa mkononi mwangu.

“Hiyo bado iko na chaji?”

Nikasema iko.

“Basi na wangu uwaandike. Anza na mvulana, ndiye mkubwa.”